Kutoka Igunga Hadi Pugu: Safari ya Ng'ombe wa Nyama na Hali ya Mfugaji Wake

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na katika Afrika kwa kawaida hutajwa kuwa ya pili baada ya Ethiopia. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni ng'ombe wa asili, zebu wa pembe fupi wenye nundu, na karibu wote wamo mikononi mwa kaya za vijijini. Ranchi zina sehemu ndogo sana. Kwa hiyo anayeitwa mzalishaji wa ng'ombe wa nyama nchini ni Msukuma wa Meatu mwenye kundi la ng'ombe na shamba la pamba, ni Mnyaturu wa Singida, Mgogo wa Chamwino, Mmasai wa Longido. Ng'ombe wake humlimia, humpa maziwa na samadi, humtolea mwanawe mahari na humlipia mgonjwa hospitali. Nyama huja mwisho wa yote hayo.

Uchumi wa mfugaji huyu huonekana wazi zaidi barabarani kuliko kwenye vitabu vya takwimu. Nyama inayoliwa Dar es Salaam hutoka kwa wingi Kanda ya Ziwa na Kanda ya Kati, na njia yake ni moja: Igunga, Shelui, mlima Sekenke, Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze, Kibaha, hadi mnada wa Pugu, mwendo wa takriban kilomita 800. Ndiyo njia niliyoifuata, mara nikiwa mbele ya malori ya ng'ombe, mara nyuma yake. Katika kila kituo bei ya mnyama yuleyule ilibadilika, na kila badiliko lilikuwa na sababu yake.

Igunga imekaa kandokando ya mbuga ya Wembere, ardhi tambarare ya udongo mweusi inayojaa maji masika na kuwa malisho ya akiba kiangazi. Mnada wake ni wa ngazi ya upili. Minada ya mifugo nchini ina ngazi tatu: ya awali, inayosimamiwa na halmashauri za wilaya, ya upili, ambako wanyama wa minada ya awali hukusanywa kwa ajili ya miji mikubwa, na ya mpakani. Mhunze katika Shinyanga, Kizota katika Dodoma, Meserani katika Arusha na Weruweru katika Kilimanjaro ni ya upili pia, na Pugu ndiyo mwisho wa njia.

Biashara ya mnadani huenda haraka. Mnunuzi humzunguka dume, humshika kwa mkono nyuma ya nundu, huteremsha kiganja ubavuni hadi mwanzo wa mkia, humtazama usoni, kisha hutaja bei. Dalali husimama katikati. Mwenye ng'ombe, mara nyingi mzee aliyefika na mwanawe kabla ya jua kuchomoza, hukataa, huondoka hatua chache, huitwa tena. Wakikubaliana, mnyama hupigwa alama ya rangi mgongoni na kusogezwa upande wa walionunuliwa. Igunga nilimwona mzee mmoja aliyekataa bei ya kwanza, akakataa ya pili, na mwishowe, malori yalipoanza kujaa, akapokea pungufu ya ile ya kwanza. Alikuwa ametembea siku nzima kumfikisha pale, na kumrudisha nyumbani kungemkondesha zaidi.

Mpaka leo sehemu kubwa ya minada huuza kwa kukadiria kwa macho. Hili linaonekana jambo dogo, na ndilo linalomla mfugaji kuliko mengine yote. Mnunuzi anayenunua mamia ya ng'ombe kwa mwezi hukadiria uzito na kukosea kidogo tu; muuzaji anajua jina la mnyama, umri wake, mama yake na ugonjwa alioupona, lakini kilo zake hazijui. Ng'ombe aliyechinjwa hutoa nyama karibu nusu ya uzito wake akiwa hai. Kilo 20 zilizopotea katika makadirio ni kilo 10 za nyama, na katika bucha za Dar es Salaam, ambako kilo moja siku hizi inakaribia au kuvuka shilingi 10,000, hizo ni takriban shilingi 100,000. Si zote zingekuwa za mfugaji, maana lori, ushuru, machinjio na bucha vina haki yao. Lakini zikipotea pale mnadani, yeye hapati hata sehemu yake.

Suala la pili ni majira. Kutoka Novemba au Desemba hadi Mei kuna majani na maji, ng'ombe hunenepa, na mwenye mali hana sababu ya kumtoa. Kuanzia Agosti malisho hukauka, malambo hubaki tope, na ghala la mahindi hupungua. Hapo wote hupeleka ng'ombe mnadani kwa wakati mmoja, wakiwa wamekonda, na bei huanguka. Januari ada na sare za shule huwatoa wengine tena. Mfugaji huuza akiwa na shida, na mnunuzi anaijua kalenda ya shida hizo kama anavyoijua kalenda ya sikukuu, ambazo kwa upande wake humpandishia bei mjini.

Majira hayohayo ndiyo yanayomchelewesha ng'ombe kukua. Zebu hupata kilo wakati wa mvua na kuzipoteza kiangazi, mwaka baada ya mwaka, hivyo dume hufika kilo 250 akiwa na miaka mitano au sita. Mzoga wake hutoa nyama kilo 100 hadi 130 hivi. Marekani, ambako ng'ombe hulishwa nafaka miezi ya mwisho, mnyama huchinjwa akiwa na miaka miwili au chini yake na mzoga huwa na kilo zaidi ya 350. Kulinganisha nchi hizi kwa idadi ya vichwa, kama hotuba nyingi zinavyofanya, hakumsaidii mfugaji. Kinacholipwa ni kilo, na kilo zina gharama ya muda.

Huko Igunga na kwingineko wafugaji hulaumiwa kwamba wanapenda wingi wa mifugo na hawataki kuvuna. Ni kweli kwamba wanaouzwa kwa mwaka ni takriban mmoja katika kila kumi. Lawama hiyo hata hivyo inasahau ukame. Mwenye ng'ombe hamsini akipoteza theluthi mbili katika mwaka mbaya, hubaki na mbegu ya kuanzia upya. Mwenye kumi hubaki na watatu, na kundi lake huenda lisirudi tena. Kwa mtu asiye na bima, asiye na pensheni na aliye mbali na benki, kuongeza vichwa ni hesabu sahihi. Anayetaka wafugaji wauze zaidi inampasa kwanza awape mahali pengine pa kuweka akiba, na njia ya kuvuka kiangazi bila kufilisika.

Kutoka mnadani ng'ombe huhitaji kibali cha kusafirisha, kinachotolewa na mtaalamu wa mifugo baada ya kumkagua, na hulipiwa ushuru. Kisha hupakiwa. Fuso hubeba ishirini na kitu, semi-trela zaidi, wamesimama bega kwa bega, vichwa vikipishana ili wasichomane pembe. Juu ya kingo hukaa kijana mwenye fimbo ndefu. Kazi yake ni moja na haikomi usiku wala mchana: ng'ombe akilala, amwamshe, kwa sababu aliyelala hukanyagwa na wenzake. Hapo zamani njia ilikuwa reli ya kati, iliyoshusha mabehewa ya mifugo hadi Pugu. Leo barabara imechukua karibu mzigo wote. Mwendo wa Igunga hadi pwani, pamoja na kusimama mizani, vituo vya ukaguzi na foleni za magari, hufika siku moja na zaidi, na mnyama hunywa maji mara chache au hanywi kabisa. Anapoteza uzito, na majeraha ya safari hukatwa kwenye mzoga na kutupwa. Mfanyabiashara hulijua hilo tangu mnadani na huliondoa mapema kwenye bei anayompa mfugaji. Kwa hiyo mwenye kulipia ubovu wa usafiri ni yule aliyebaki nyuma kijijini.

Kupita Singida, nchi ya ng'ombe weupe wenye sifa ya kustahimili ukavu, na Manyoni, barabara hufika Dodoma. Mnada wa Kizota uko pembeni ya mji, na mji wenyewe umekuwa mlaji mkubwa tangu serikali ilipohamia huko. Dodoma pia ina machinjio ya kisasa yenye vyumba vya ubaridi, iliyojengwa kwa lengo la kuuza hata nje. Machinjio za namna hiyo nchini zimekuwa na tatizo la aina moja: hufanya kazi chini ya uwezo wake. Kiwanda kinahitaji ng'ombe wa uzito unaolingana, wenye umri mdogo, kila siku ya wiki, mwaka mzima. Mnada huleta wengi kiangazi, wachache masika, wakubwa kwa wadogo, maksai wazee waliokwishalima misimu kumi pamoja na mitamba ambayo ingefaa kubaki kundini. Pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini nchi yenye ng'ombe wengi namna hii huwa na viwanda vya nyama vinavyosubiri ng'ombe.

Mashariki ya Dodoma, barabara ya kuchepuka hufika Kongwa. Hapa ndipo Waingereza walipoanzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta, wakang'oa pori, na mwaka 1951 wakauacha. Mvua haikutosha, na udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi cha karanga kushindwa kung'olewa. Ardhi iliyoshindwa kwa karanga ilifaa kwa nyasi, na ranchi ya Kongwa ikawa miongoni mwa ranchi zilizo chini ya NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi, pamoja na Ruvu, Mkata, Kalambo, Missenyi na nyinginezo. Ng'ombe wake wanaojulikana ni Boran, koo yenye asili ya nyanda za kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Fahali wa Boran aliyetunzwa huvuka kilo 500, mara mbili ya zebu wa kijijini, na bado hustahimili joto na kupe. Si mbali na hapo, Mpwapwa, watafiti wa mifugo walitengeneza tangu enzi za ukoloni koo ya Mpwapwa kwa kuchanganya damu za ng'ombe wa Asia, wa Afrika na wa Ulaya.

Mfugaji wa kawaida hawezi kununua kundi la Boran, lakini anaweza kumpata fahali mmoja kwa kushirikiana na jirani zake, na ndama wa kizazi cha kwanza huwa wakubwa kuliko mama zao. Faida hiyo huonekana pale tu kunapokuwa na lishe ya kumjaza mnyama mwenye mwili mkubwa. Fahali wa kisasa aliyeletwa kwenye malisho yaliyochoka hukonda haraka kuliko zebu. Miradi kadhaa ya kuboresha koo imeishia hapo.

Njia inayoleta matokeo ya haraka zaidi ni unenepeshaji. Dume la miaka mitatu au minne huwekwa zizini kwa takriban siku 90 na kulishwa nyasi kavu, pumba za mpunga au mahindi, mashudu ya pamba au ya alizeti, molasisi na madini. Kanda ya Ziwa ina nafasi nzuri kuliko zote kwa kazi hii, maana vinu vya pamba na mashine za mpunga ziko palepale ng'ombe walipo, na Singida na Dodoma zina alizeti. Mnyama aliyelishwa vizuri hupata robo tatu ya kilo hadi kilo moja kwa siku. Tuseme dume liliingia na kilo 200 na kupata gramu 800 kila siku: baada ya siku 90 lina kilo 272. Zile 72 si faida yote. Ndani yake kuna chakula, dawa za minyoo, maji, mchungaji na riba ya mkopo kama upo. Lakini kuna faida nyingine isiyoandikwa mara nyingi: dume likinunuliwa Septemba bei ikiwa chini na kuuzwa Desemba karibu na sikukuu, kila kilo hupanda thamani, hata zile 200 za mwanzo. Wanenepeshaji niliozungumza nao walisema wengi huharibikiwa kwa sababu ya kununua mashudu kwa bei ya msimu mbaya. Aliyeweka ghala wakati vinu vinafanya kazi ndiye anayebaki na kitu.

Hapo inaonekana pia nani anayefaidi. Unenepeshaji hutaka mtaji wa kununua ng'ombe na chakula kabla ya kuuza, na mtaji huo wanao wafanyabiashara, watumishi na wastaafu wa mijini kuliko wafugaji. Wafugaji wenyewe wakiungana, kila mmoja akitoa madume mawili au matatu na kuuza pamoja kwa mkataba na machinjio, faida ya zile siku 90 hubaki kijijini. Vikundi vya namna hiyo vipo, navyo ni vichache mno.

Kaskazini ya Kongwa inaanza Kiteto, na hapo inajitokeza hoja iliyo nzito kuliko koo na chakula: ardhi. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha mipango yao ya matumizi ya ardhi na kutenga malisho ya pamoja, yakaitwa OLENGAPA kwa kufuata majina ya vijiji vyenyewe. Mpango huo ulizipa nyanda za malisho mipaka inayotambulika kisheria, jambo ambalo wafugaji wengi nchini hawana. Pasipo na mipaka, malisho huhesabiwa kuwa pori la bure, na pori la bure hugawiwa. Mashamba yameongezeka, hifadhi zimepanuliwa, na makundi yamesukumwa kutoka mahali hadi mahali. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu, Mbeya, kwa ajili ya kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu, wakaelekezwa Lindi na Pwani, mikoa ambayo haikuwa imezoea ng'ombe. Wengi walipoteza mifugo njiani. Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya thelathini. Barabara kuu inapita karibu na maeneo hayo, na abiria wa mabasi huona nyasi na mahindi vikiwa kimya pande zote mbili. Ni vigumu kuamini damu iliyomwagika hapo kwa sababu ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

Kwa hesabu ya uchumi, kila kilomita ya mraba ya malisho ya kiangazi inayopotea hupunguza kilo kwa kila mnyama aliyebaki. Hakuna chanjo wala fahali wa kisasa anayezirudisha.

Ukame hufanya kazi hiyohiyo kwa kishindo. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 Simanjiro, Longido na Kiteto zilipoteza mifugo kwa maelfu. Ng'ambo ya mpaka, ukame uliodumu kutoka 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5 kaskazini na mashariki mwa Kenya. Hasara ya aina hii hupandisha bei ya nyama baadaye, lakini aliyefiwa na kundi hana cha kuuza bei hiyo ikifika. Marsabit, Kenya, tangu 2010 imejaribiwa bima ya mifugo inayolipa kwa kuangalia ukijani wa malisho kutoka setilaiti: nyasi zikishuka chini ya kiwango fulani, mwenye bima hulipwa bila kuhesabu mizoga. Wazo hilo linafaa Longido na Simanjiro kama linavyofaa Marsabit, kwa sababu nyasi za pande mbili za mpaka hufuata mvua zilezile.

Longido inastahili maelezo yake hata kama iko nje ya njia ya Igunga. Mnyama wa huko ana masoko mawili, Arusha na Nairobi, na bei ya Kenya mara nyingi huwa juu. Wafugaji wa Kimasai wana ndugu pande zote mbili za mpaka wa Namanga, na ng'ombe wamevuka tangu kabla mpaka haujachorwa. Mwaka 2017 Tanzania ilitaifisha na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya elfu moja walioingia kutoka Kenya, na mfugaji mdogo ndiye aliyeumia. Kiwanda cha nyama kilichojengwa Longido miaka ya karibuni kimeleta mnunuzi wa tatu, anayechinja kwa ajili ya nchi za Ghuba. Pale penye wanunuzi watatu mfugaji hupata nguvu ya kukataa bei, nguvu ambayo yule mzee wa Igunga hakuwa nayo.

Baada ya Morogoro na Chalinze malori hushuka pwani. Kuna kiwanda kingine Soga, wilayani Kibaha, na baada ya Kibaha njia huishia Pugu. Mnada wa Pugu hulisha machinjio ya Vingunguti, iliyojengwa upya mwaka 2019 na miaka iliyofuata baada ya ile ya zamani kuchakaa, na machinjio nyingine za jiji. Kabla ya alfajiri nyama huanza kutoka: mapaja na mbavu kwenye magari ya bucha, vichwa na makongoro kwa wapika supu, utumbo kwa akina mama wanaouosha na kuuza mitaani. Hakuna kinachotupwa isipokuwa ngozi, ambayo siku hizi bei yake imeporomoka kiasi kwamba katika machinjio ndogo za vijijini huachwa ioze. Zamani ngozi ilikuwa sehemu inayohesabika ya thamani ya ng'ombe, na hasara ya kuanguka kwa bei yake imetoka kimyakimya kwenye mfuko wa mfugaji.

Jiji hili liliwahi kuwa na kiwanda kikubwa cha nyama ya makopo, Tanganyika Packers ya Kawe, kilichoanza enzi za ukoloni na kufungwa miaka ya 1990. Kwa miongo iliyofuata Tanzania ilikuwa karibu haiuzi nyama nje. Hali imebadilika haraka. Mauzo ya nyama nje ya nchi, yaliyokuwa chini ya tani 2,000 mwaka 2020/21, yalivuka tani 10,000 mwaka 2021/22 na kuendelea kupanda. Wanunuzi ni Oman, Umoja wa Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Saudi Arabia na wengineo, nchi zenye uhusiano wa kale na pwani hii na zilizo karibu kwa ndege na meli. Mfugaji wa ng'ombe anapaswa kujua jambo moja kabla hajafurahi: sehemu kubwa ya nyama hiyo ni ya mbuzi na kondoo. Mbuzi hukua haraka, mzoga wake mdogo hupoa vizuri na husafirishwa mzima. Ng'ombe wa asili wa miaka sita ana nyama ngumu, na hoteli za Muscat na Dubai huweza kuagiza ya Brazil au Australia.

Kikwazo kikubwa zaidi ni magonjwa. Sotoka, iliyoangamiza makundi ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na ushindi huo ulipatikana kwa chanjo na kazi ya miaka mingi ya maofisa mifugo wa vijijini. Ugonjwa wa miguu na midomo na homa ya mapafu ya ng'ombe bado vipo, na ndivyo vinavyofunga milango ya masoko yenye bei nzuri. Umoja wa Ulaya hauchukui nyama ya ng'ombe ya Tanzania. Botswana na Namibia huuza Ulaya kwa sababu zimegawa nchi kwa uzio na kanda zisizo na ugonjwa. Uzio huo umewagharimu wanyamapori. Nyumbu wa Kalahari walikufa kwa wingi wakizuiwa kufika kwenye maji. Nchi yenye nyumbu wa Serengeti na nyati wanaobeba virusi vya miguu na midomo haiwezi, na haipaswi, kuiga njia hiyo. Njia iliyobaki ni kuchanja, kutambua kila mnyama na kuthibitisha alikotoka.

Hatua hiyo imeanza. Juni 2025 huko Bariadi, mkoani Simiyu, serikali ilizindua kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ng'ombe wakichanjwa kwa gharama inayochangiwa na serikali na kuvishwa hereni za kielektroniki. Baadhi ya chanjo hutengenezwa nchini, Kibaha. Hereni ikifanya kazi yake, mnyama aliyenunuliwa Mhunze ataweza kufuatiliwa hadi kwenye sanduku la nyama lililofika Doha, na mwizi wa ng'ombe atakuwa na kazi ngumu zaidi. Ikibaki kuwa njia ya kuhesabu kodi, wafugaji wataikimbia, kama walivyowahi kuzikimbia hesabu nyingine za mifugo.

Bei zenyewe ziko upande wa mfugaji. Marekani, miongoni mwa wazalishaji wakubwa kuliko wote, ilianza 2025 ikiwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kabisa tangu 1951, baada ya miaka ya ukame na gharama kubwa za chakula. Bei ya nyama duniani ilifika kiwango cha juu sana mwaka huohuo. Ndani ya nchi, sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 wanaoongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, mwendo ambao huongeza idadi mara mbili kwa miaka ishirini na kitu. Mlaji huyo wa ndani, anayenunua robo kilo Mbagala au mshikaki Kizota, ndiye soko la uhakika kuliko Ghuba yote, na haulizi cheti cha kimataifa.

Kwa hiyo miaka kumi ijayo itamfaa zaidi anayeuza kilo kwa wakati anaoutaka: mnenepeshaji, ranchi yenye nyasi zake, kikundi chenye mkataba. Mfugaji mmojammoja anayeuza kiangazi kwa macho ya mnunuzi ataona bei zikipanda mjini bila kuzigusa. Njia ya kumtoa hapo haihitaji kungoja mradi mkubwa. Kila ng'ombe anayeuzwa katika mnada wa awali hulipiwa ushuru kwa halmashauri, na fedha hiyo inatosha kuanza na mizani inayofanya kazi na inayotumika kwa lazima, lambo lililofukuliwa kabla ya kiangazi, na josho lenye dawa. Madiwani wanaopitisha bajeti za halmashauri hizo waanzie hapo, na wafugaji waliolipa ushuru wadai kuiona mizani kabla ya mnada ujao.